Gichiaro na Bwana Haloweli

Jumatatu, 17 Machi 1969

Mvua haijafika lakini iko karibu. Mguu wangu wa kushoto umesema tangu jana, na mguu huu haujawahi kukosea.

Leo Miss Ruthi amefika kutoka Amerika. Ni miaka ishirini na tano hajakanyaga hapa. Gari lilisimama kwenye geti na mimi ndiye nilifungua, kwa sababu hapa juu ya Kanyakine hakuna mtu mwingine anayejua kufungua hilo geti bila kulivunja. Akaniangalia kwa dirisha.

"Kiambi! Wewe bado iko?"

"Niko. Hata mlima uko."

Akacheka, akalia, yote pamoja. Nilimbeba mgongoni akiwa wa miaka minne. Kiswahili chake ni kile nilimfundisha mimi, na kimebaki vile nilikiacha.

Amekuja kuandika habari za ukoo wake: babu yake, baba yake Bwana Haloweli, nyumba yao ya Amerika na hii ya hapa. Amesema ataanza na mimi. Sawa. Angeanza na nani?

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Nilisema.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekaa na Miss Ruthi verandani tangu asubuhi mpaka chai ya saa kumi. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia hivi.

Bwana Haloweli alikuja mwaka wa ishirini na tisa kuwinda nyati. Akaona hiki kilima, akakataa kurudi kwao. Nyumba ilichukua miaka mitatu. Vyumba ni thelathini na kimoja. Mawe tulichonga mtoni, na jiwe la pembe ya mbele, lile kubwa, nililipanga kwa mikono yangu na halijasogea hata upana wa kucha. Vigae vya paa vilitoka Amerika kwa meli, vikapanda reli mpaka Nanyuki, vikamalizia na magari ya ng'ombe. Kuna chumba cha dansi ambacho sakafu yake ilipigwa nta kila Ijumaa, na miaka yote hiyo dansi niliona mara mbili. Bwana alitaka ifanane na nyumba ya baba yake, dirisha kwa dirisha. Hata kuna ngazi moja inapanda na kuishia ukutani, kwa sababu kule kwao ilienda kwa chumba ambacho hapa hakikujengwa.

"Hiyo ngazi mimi nilipanda nikiwa mtoto," Miss Ruthi akasema, "nikangoja mlango ufunguke."

Sasa vyumba kumi na tisa vinavuja. Bwana alikufa mwaka wa hamsini na nane, Memsahib mke wake akaenda kwao, na tangu hapo nyumba imekuwa ya nyuki na mimi.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Nimepalilia kahawa mistari mitatu.

Alhamisi, 27 Machi

Salesio amekuja kumsalimia Miss Ruthi. Huyu ni mwenyekiti wa sosaiti yetu ambayo imepewa shamba lote la Haloweli ligawanywe kwa wanachama. Sorovea wa kupima ardhi atakuja kupiga vigingi mvua ikipungua. Ploti yangu ni namba kumi na nne, hapo chini ya geti. Iko na miti mia nne ya kahawa, yote nimepanda mwenyewe, na katikati liko kaburi la Bwana. Sina shamba lingine. Hapo ndipo nitazikwa, mimi na Karimi mke wangu.

Salesio akamwambia, "Miss Ruthi, unajua huyu mzee ni gichiaro na baba yako?"

Hakujua maana yake, kwa hivyo nikamweleza, kwa sababu hakuna mtu anaeleza hii habari kama mimi. Gichiaro ni undugu wa kiapo. Mnachoma ini la mwana-kondoo, kila mtu anajichanja mkono, mnapaka damu kwa ini mnakula. Kuanzia hapo ndugu yako akikuomba kitu huwezi kukataa. Huwezi kumdanganya, huwezi kumpeleka kortini. Tena si wewe peke yako, ni ukoo wako wote, na watoto wenu. Ukivunja, vidonda vinatoka mwilini mpaka kizazi kiishe.

Nikamwambia jinsi mwaka wa hamsini na moja nyati alimwangusha Bwana msituni na mimi nikamvuta kwa mguu, na jinsi tulichoma ini hapo hapo. Nikamwonyesha alama ya mkono. Karimi alisimama mlangoni akisikiliza kama mtu hajasikia mara mia.

Miss Ruthi akaacha kuandika. "Baba hakusema hii kitu."

"Mambo ya gichiaro hayasemwi kwa watoto," nikamjibu.

Salesio akatingisha kichwa. "Huyo ni mzee."

Jumapili, 6 Aprili. Pasaka

Kanisa limejaa, watu wote na viatu vya matope. Kinoti wa Muthamia alikaa nyuma, hakunisalimia. Ni wa ukoo wangu, baba zetu walitahiriwa pamoja. Hajanisalimia miaka kumi na nane. Nimezoea.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Mvua. Kuni zote zimelowa, Karimi anapika akikohoa.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo Miss Ruthi ndiye amesema, mimi nikanyamaza, jambo ambalo si la kila siku.

Babu yake alikuwa mtu wa kiwanda cha misumari. Amerika yote ilikuwa inapigiliwa misumari ya Haloweli. Akapata mali mpaka akajenga nyumba ambayo farasi wake walikuwa na chandarua. Siku moja akinywa chai dirishani akasema hapo mbele angependa kuona maji. Lakini hapo mbele palikuwa na kijiji, nyumba arobaini, kanisa, na makaburi. Akakihamisha. Akaziba mto, likatokea ziwa.

"Wale watu walienda wapi?" nikauliza.

"Mimi natafuta kwa vitabu. Hakuna mtu aliandika."

"Na ile nyumba?"

"Sasa ni mahali pa kuweka wazimu. Baba yangu na ndugu yake walipigania hiyo nyumba mpaka ndugu akapata. Ndiyo baba akakuja huku kujenga ingine."

Mimi nilidhani huko kwao waliishi kama malaika. Nimetembea kurudi nyumbani kwa mvua bila kuweka gunia kichwani.

Jambo nimekumbuka: Bwana pia alikuwa anakunywa chai verandani. Mwaka wa hamsini akasema moshi wa nyumba za watu unamharibia mlima. Nyumba zilikuwa za Muthamia, baba yake Kinoti. Waya wa shamba ukasogezwa, ukameza nyumba hizo. Wasimamizi wa kusogeza walikuwa wawili na mmoja ni mimi.

Jumamosi, 19 Aprili

Daraja la mtoni limeenda na maji. Sorovea hawezi kuja. Salesio ana hasira, mimi nimelala vizuri.

Jumanne, 22 Aprili

Miss Ruthi amepata vitabu vya baba yake kwa sanduku la bati, vitabu thelathini, kila siku ameandika kitu, hata joto la maji ya kuoga. Amesoma wiki nzima. Leo nikamuuliza, "Mimi niko mara ngapi huko ndani?"

Akafunua polepole. Nikaona hataki.

"Mara moja, Kiambi."

"Soma."

Akasoma kwa lugha yao, halafu akanigeuzia: mtu wa geti, Kiamba, ni mwaminifu, apewe koti la zamani.

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Ni Kiamba, si Kiambi.

Hilo koti ninalo. Niliwaambia watu Bwana alilivua mwilini mwake akanivalisha.

Jumatano, 23 Aprili

Sikutoka.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua imepungua. Salesio na Miss Ruthi wamekuja kwangu pamoja. Karimi akapika chai, akatafuta vikombe vya wageni. Miss Ruthi akakaa kwa kigoda karibu na moto, mtu mzuri, hajivuni, akanywa chai ya moshi bila kukunja uso.

Akasema anataka kuipa sosaiti ile nyumba kubwa iwe shule. Salesio akapiga makofi peke yake. Halafu akasema, "Na kaburi la baba, Kiambi. Mimi naomba hiyo shamba ya kaburi. Mimi nataka kupanda miti pande zote, iwe mahali pa kimya. Unaweza kunipa?"

Hakufikiri kwamba yale niliyomweleza ya gichiaro yanamhusu yeye. Aliomba kama mtu anaomba chumvi. Lakini Karimi aliweka sufuria chini, na Salesio akaangalia sakafu, na mimi nikajua kwamba huyu Salesio ndiye amemfundisha.

"Kaburi ni futi sita," nikasema.

"Mzee," Salesio akasema kwa ile sauti yake ya kanisa, "mtoto wa gichiaro amekuomba. Mbele ya mke wako."

Nikasema nipewe mpaka baraza ya Jumamosi ijayo. Walipotoka Karimi akasema, "Utampa. Si ndiyo?" Nikaokota vikombe vya wageni. Akasema, "Baba Cicily, utampa."

Jumapili, 4 Mei

Sikuenda kanisani. Nimekaa na hiki kitabu tangu asubuhi, na sasa nitaandika kitu ambacho sijamwambia mtu, hata padri.

Hakuna gichiaro. Hakuna nyati aliyemwangusha Bwana, alianguka mwenyewe akishuka farasi. Hakuna ini. Alama ya mkono ni ya panga, nilijikata nikifyeka nyasi za Memsahib.

Ilikuwa hivi. Waya uliposogezwa, Muthamia hakunyamaza. Alikuwa mtu mrefu, mpole, lakini akishika jambo ameshika. Alikusanya watu wa ukoo wetu waende kumshtaki Bwana kwa D.C., mkuu wa wilaya, na wengi walikubali. Bwana akaniita ofisini akasema neno moja tu: Muthamia akienda, ninyi wote wa ukoo wake mtatoka hapa, na wewe wa kwanza. Nikaenda nyumbani.

Jioni hiyo kulikuwa na uki kwa mzee Mukiri, pombe ya asali nzuri sana. Wazee wote wako, Muthamia yuko. Wakaniuliza, "Wewe unakula kwa Mzungu, unasemaje?" Sikuwa nimepanga. Mdomo wangu ulifunguka nikasema hamuwezi kumshtaki, mimi na yeye tumekula ini, ukoo umefungwa. Na vile niliona wote wamenyamaza, wameniangalia, mimi ambaye kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kufungua geti, nikaendelea. Nikaongeza nyati. Nikaongeza damu.

Muthamia aliniuliza mara moja tu. "Ni kweli, Kiambi?" Nikamwonyesha mkono.

Akaacha kesi. Mtu wa ukoo hawezi kushtaki gichiaro. Akahamia Muthara kwa shemeji zake, kwa nyumba ya mtu, akafa huko mwaka wa hamsini na tano. Na ile ardhi yake, hapo chini ya veranda, pahali pazuri kuliko pote, sosaiti imempa Salesio.

Nimesoma hii nimeona ni fupi. Nilidhani itajaza kitabu.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua imerudi.

Jumanne, 6 Mei

Nimehesabu njia zangu. Nikimpa Miss Ruthi, mimi na Karimi tunabaki bila mahali pa kupanda hata kitunguu, lakini jina langu liko. Nikisema ukweli, jina limekwisha, lakini ploti inabaki, kwa sababu asiye gichiaro anaweza kukataa.

Nilipalilia mistari miwili nikisema nitampa. Nikapalilia mingine miwili nikisema simpi. Kahawa yangu ni nzuri. Afisa wa kilimo alileta watu kutoka Embu kuitazama. Hiyo si uongo, muulizeni.

Lakini si kahawa tu. Tangu Pasaka ninaona shingo ya Kinoti mbele yangu. Alitoka kanisani kabla ya watu, akatembea na mgongo wa baba yake.

Jumamosi, 10 Mei

Baraza ilikuwa kwa banda la kukaushia kahawa, kwa sababu ya mvua. Watu kama mia moja. Miss Ruthi alipewa kiti. Salesio akaeleza ombi, akasema sasa mzee Kiambi atampa dada yetu jibu ambalo sote tunajua.

Nikasimama. Nikasema, "Mimi sina gichiaro na Bwana Haloweli. Nilidanganya. Sikula ini."

Bati linapigwa na mvua. Halafu mzee Mukiri, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, akauliza, "Hukula ini?"

"Sikula."

"Kiambi, hilo ini umelila kwangu, umelila kwa marehemu kaka yangu, umelila kwa kila harusi na kila tohara miaka kumi na nane. Leo ndiyo umelitapika?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika nguzo. Nikangoja. Nikasema, "Alama ya mkono ni panga."

"Juzi ilikuwa kisu cha Bwana!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Bwana hakuandika kitu kama hicho kwa vitabu vyake. Muulizeni Miss Ruthi."

Miss Ruthi akasimama, uso umekuwa mwekundu. Akasema ni kweli, vitabu vyote amesoma, hakuna. Nikafikiri sasa nimepona. Lakini Salesio akainuka, taratibu, akageukia watu.

"Mzee mwenyewe alimwambia mbele yangu: mambo ya gichiaro hayasemwi kwa watoto. Je, yataandikwa kwa kitabu?"

Hakuna mtu alicheka tena. Nikaona nyuso zinabadilika. Mzee Mukiri akasema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kweli, "Mtu mwongo tunamjua, tunaishi naye. Lakini mtu wa kumkana ndugu wa kiapo, tena marehemu, kwa sababu ya mashina ya kahawa, huyo sijaona."

"Sikieni! Ni Muthamia nilimwonea! Ni yeye alipoteza shamba kwa mdomo wangu!"

"Kaa chini, mzee," Salesio akasema. Alisema haraka sana.

Miss Ruthi alipoelezwa ombi lake lilikuwa na maana gani, akasema basi hataki, ameliondoa. Wakamwambia neno la gichiaro likishatoka halina kurudi, hata ukitaka. Ploti namba kumi na nne imekuwa ya kaburi na miti. Wameandika.

Kinoti alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, nusu yake kwa mvua.

Jumatatu, 12 Mei

Karimi ameenda Embu kwa binti yetu Cicily, ambaye ni taipisti huko mjini. Alifunga nguo zake kwa shuka moja.

"Umemkana mbele ya watu," akasema. "Vidonda vitaanza kwako? Vitaanza kwa watoto wa Cicily."

"Mama Cicily, hakuna vidonda. Ilikuwa uongo."

Akaketi juu ya mzigo wake.

"Kama si uongo, umetuletea laana. Na kama ni uongo, mimi nimepika kwa nani miaka hii yote?"

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Mzigo hakunipa nibebe.

Jumatano, 14 Mei

Miss Ruthi ameondoka. Alisema samahani, mara nyingi. Nikamwambia aandike kwa kitabu chake jina la Muthamia, na pahali nyumba zake zilikuwa. Akaandika. Akaniuliza herufi moja moja, akarudia mpaka zikawa sawa.

Alhamisi, 15 Mei

Kinoti amekuja. Alisimama nje kwa mvua mpaka nikamwambia ingia mara tatu. Nikaanza kuweka maji motoni.

"Sikuja kunywa chai."

Nikaketi.

"Ulisema kweli Jumamosi," akasema.

"Unaniamini?"

"Baba aliniambia akiwa kitandani kule Muthara. Alisema: nilimwangalia Kiambi macho, nikajua anadanganya."

"Kwa nini basi aliacha kesi?"

"Kwa sababu, je, kama hukudanganya? Angetuulia watoto kwa kujaribu?"

Nikatoa maji motoni.

"Nikisema mimi," Kinoti akasema, "watasema natafuta shamba. Kamati ya ardhi inakaa Nkubu kila Jumatano. Utaenda kusema huko. Utasema mpaka waandike."

"Nitaenda."

"Hujasamehewa. Usije ukadhani."

Jumatano, 21 Mei

Nkubu. Walisikiliza nusu, wakasema mwenyekiti wa sosaiti aitwe.

Jumamosi, 24 Mei

Sorovea amefika. Vigingi vinne kwa kahawa yangu, kila pembe. Nimepewa mpaka nivune. Nimehamia kwa chumba cha mashine ya zamani.

Jumatano, 28 Mei

Nkubu. Salesio alikuja na wazee sita. Wote waliapa kwamba walinisikia nikieleza ini. Hakuna hata mmoja aliyedanganya.

Jumatano, 4 Juni

Nkubu. Mvua ya kurudi. Karani alilala.

Jumapili, 8 Juni

Cicily ameandika barua, Karimi yuko salama. Hakunitumia salamu. Nimeisoma mara tatu nikifikiri nimeruka mstari.

Jumatano, 11 Juni

Nkubu, leo ni mara ya nne. Uongo niliusema jioni moja, nimekaa, kikombe mkononi, wakauamini wote. Ukweli nimeusema nimesimama, mara nne, na leo mwenyekiti wa kamati akamwambia karani aandike: mzee amechanganyikiwa. Nikamwambia andika lolote, Jumatano ijayo nitarudi, na ile nyingine. Akaniuliza nina miaka mingapi. Nikamwambia ya kutosha kukusumbua.

Tumerudi kwa miguu. Kinoti huja nami kila Jumatano, hutembea mbele, hatuongei. Pale daraja lilikuwa, maji bado yako juu ya magoti na yanavuta. Yeye alivuka. Mimi nikaingia, huu mguu wa kushoto ukateleza, nikakwama katikati. Niliona mgongo wake unaenda, nikafikiri hatageuka, na kwamba ni haki.

Akageuka. Akarudi mpaka ukingoni akaninyooshea fimbo yake, nikashika, akanivuta. Nilipokanyaga pakavu nikafungua mdomo nimshukuru. Aliichukua fimbo mkononi mwangu, akaipangusa kwa koti pale nilikuwa nimeshika, akaendelea na njia.